Seva ya Liberty kwenye Meinfremu: Mwongozo Kamili kwa Mhandisi wa Java Aliyekabidhiwa z/OS

Java ndiyo sehemu rahisi. Mhandisi aliyekulia kwenye Linux akikabidhiwa seva ya WebSphere Liberty iliyo ndani ya z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za IBM, ataitambua server.xml, ataitambua faili ya WAR (programu yenyewe), ataitambua messages.log, na atadhani yuko nyumbani. Kisha ataanzisha seva, nayo itakataa, au itawaka na kukosa nusu ya huduma zake, na sababu haitakuwa ndani ya faili yoyote aliyoiandika. Itakuwa kwa watu wa RACF (usalama na ruhusa), au kwa anayesimamia WLM (ugawaji wa rasilimali), au kwa aliyegawa poti za TCP/IP. Seva yako huko ni mgeni katika nyumba yenye wenyewe, na kila mwenyewe ana ufunguo wake. Kazi ya kusimamia seva ya meinfremu ni, zaidi ya nusu, kujua mlango upi unabishwa.

Mwongozo huu ni wa Liberty, si wa WebSphere ya zamani yenye seli na nodi. Liberty ilikuja na WebSphere 8.5 mwaka 2012, ni nyepesi, na ndiyo inayobeba kazi nyingi mpya za Java kwenye z/OS. Mifano yangu inatumia seva iitwayo `malipo`, kitambulisho `WLPSRV`, na Java 8. Majina ya kwenu yatakuwa mengine.

Hatua ya 1: Jua wenye nyumba, kisha omba kwa maandishi

Usianze na kibodi. Anza na orodha ya watu: nani anasimamia RACF, nani WLM, nani mtandao, nani nafasi ya diski, nani hifadhidata ya Db2. Katika ofisi ndogo za hapa Nairobi watu hao watano huenda wakawa wawili, tena mmoja amebakisha miaka michache astaafu. Sababu zaidi ya kuandika kila kitu.

Ombi zuri lina jina la kitu, sababu, na kiwango cha ruhusa. Kwa mfano:

"Habari za asubuhi, madam. Naomba kitambulisho WLPSRV katika kikundi WLPGRP, chenye sehemu ya OMVS (upande wa UNIX wa z/OS) na UID isiyo 0, bila nenosiri. Kitatumiwa na STC BBGZSRV pekee. Pia naomba kisome BBG.ANGEL katika daraja la SERVER. Amri nilizopendekeza nimeambatisha. Tafadhali zirekebishe kulingana na kanuni zetu."

Ombi la namna hiyo linajibiwa siku hiyohiyo. "Naomba access ya Liberty" litakaa wiki mbili, na kwa haki kabisa.

Hatua ya 2: Utambulisho na Angel

STC ni kazi inayoanzishwa kwa amri ya konsoli, si kwa mtu kuingia kwenye shell. RACF inahitaji kujua STC hiyo ifanye kazi kwa jina la nani:

```
ADDGROUP WLPGRP OMVS(AUTOGID)
ADDUSER WLPSRV DFLTGRP(WLPGRP) NOPASSWORD
  OMVS(AUTOUID HOME('/u/wlpsrv') PROGRAM('/bin/sh'))
RDEFINE STARTED BBGZSRV.* UACC(NONE)
  STDATA(USER(WLPSRV) GROUP(WLPGRP))
SETROPTS RACLIST(STARTED) REFRESH
```

Mtu asikushawishi kuipa seva UID 0, yaani mamlaka yote ya UNIX, "ili tusonge mbele". Itasonga, ndiyo, lakini siku ya ukaguzi utakuwa peke yako.

Sasa Angel. Liberty yenyewe haina mamlaka makubwa ndani ya z/OS. Ikitaka kuhakikisha nenosiri kupitia RACF, au kupanga kazi kupitia WLM, inaazima mamlaka hayo kutoka kwa mchakato mwingine mdogo, BBGZANGL. Angel hubeba kazi chache sana, haina Java ndani yake, na Angel moja huhudumia seva nyingi. Ruhusa za kuitumia ziko katika daraja la SERVER, na zimegawanywa kwa huduma:

```
RDEFINE SERVER BBG.ANGEL UACC(NONE)
PERMIT BBG.ANGEL CLASS(SERVER) ID(WLPSRV) ACCESS(READ)
RDEFINE SERVER BBG.AUTHMOD.BBGZSAFM UACC(NONE)
PERMIT BBG.AUTHMOD.BBGZSAFM CLASS(SERVER) ID(WLPSRV) ACCESS(READ)
```

Endelea vivyo hivyo kwa `BBG.AUTHMOD.BBGZSAFM.SAFCRED` (utambulisho wa watumiaji), `.ZOSWLM` (vipaumbele vya kazi), `.TXRRS` (miamala ya pamoja na Db2) na `.ZOSDUMP`. Ongeza `BBG.SECPFX.BBGZDFLT`, kisha `SETROPTS RACLIST(SERVER) REFRESH`. Amri hiyo ya mwisho husahauliwa kuliko zote. Ruhusa imeandikwa, kila mtu anaiona, lakini RACF bado inasoma nakala ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu.

Omba huduma unazozihitaji tu. Seva isiyogusa Db2 kwa njia ya ndani haina haja ya TXRRS.

Hatua ya 3: Kuunda seva, na ugonjwa wa herufi

Violezo vya JCL, lugha ya kuendesha kazi za z/OS, viko ndani ya saraka ya Liberty, `templates/zos/procs`: bbgzsrv.jcl na bbgzangl.jcl. Vinakiliwe kwenye PROCLIB (maktaba ya PROC, taratibu za kuanzisha STC), na INSTDIR na USERDIR zielekezwe mahali penu. Seva yenyewe huundwa kwenye shell:

```
export JAVA_HOME=/usr/lpp/java/J8.0_64
export WLP_USER_DIR=/var/wlp
/usr/lpp/liberty/bin/server create malipo
chown -R WLPSRV:WLPGRP /var/wlp
```

Mstari wa chown si mapambo. Umeunda saraka kwa jina lako. STC itakuja kwa jina la WLPSRV na kukuta haiwezi kuandika hata logi ya kulalamika. Hiyo ndiyo seva inayokufa kimya. Mpe USERDIR mfumo wake wa faili wa zFS pia, usiuache ndani ya `/var` ya wote.

Sasa jambo litakalokusumbua kuliko yote katika mwezi wa kwanza. z/OS huandika maandishi kwa EBCDIC, kwa kawaida IBM-1047. Dunia uliyotoka huandika kwa ASCII au UTF-8. Ndani ya saraka moja ya Liberty zote mbili zinaishi: server.xml ni ya ASCII au UTF-8, kama ilivyojitangaza kwenye mstari wake wa kwanza, lakini server.env na jvm.options husomwa kwa EBCDIC. Ukizichanganya, jvm.options yenye `-Xmx2g` sahihi kabisa kwa macho yako itaonekana na seva kama takataka.

Angalia lebo za faili kwa `ls -T`. Weka lebo kwa `chtag -tc ISO8859-1 server.xml` na `chtag -tc IBM-1047 jvm.options`, na uwe na `_BPXK_AUTOCVT=ON` kwenye shell ili faili zenye lebo zigeuzwe zenyewe unapozisoma. Kumbuka lebo haibadilishi yaliyomo. Ukibandika lebo ya ASCII kwenye faili ya EBCDIC umedanganya mfumo tu. Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya `iconv`. Kwenye skrini za ISPF, chaguo 3.17, fungua server.xml kwa EA badala ya E.

WAR nayo ipeleke kwa sftp, ambayo husafirisha baiti kama zilivyo. scp ya z/OS huchukulia kila faili kuwa maandishi na kuigeuza, na WAR iliyogeuzwa haifunguki. Linganisha `cksum` ya pande zote mbili kabla ya kumlaumu mwandishi wa programu.

Hatua ya 4: server.xml

```
<server>
  <featureManager>
    <feature>servlet-4.0</feature>
    <feature>jdbc-4.2</feature>
    <feature>transportSecurity-1.0</feature>
    <feature>zosSecurity-1.0</feature>
    <feature>zosWlm-1.0</feature>
  </featureManager>
  <httpEndpoint id="defaultHttpEndpoint" host="*"
     httpPort="-1" httpsPort="9443"/>
  <safRegistry id="saf"/>
  <safCredentials profilePrefix="BBGZDFLT"
     unauthenticatedUser="WSGUEST"/>
  <keyStore id="defaultKeyStore"
     location="safkeyring:///Keyring.MALIPO"
     type="JCERACFKS" password="password"
     fileBased="false" readOnly="true"/>
  <config updateTrigger="mbean"/>
  <applicationMonitor updateTrigger="mbean"/>
</server>
```

Mkaguzi atakuja mbio akiona `password="password"`. Mtulize. Vyeti viko kwenye pete ya vyeti ya RACF, na anayeruhusiwa kuvisoma anaamuliwa na RACF kwa kitambulisho cha WLPSRV. Neno hilo lipo kwa sababu Java inalidai tu. WLPSRV inahitaji kusoma `IRR.DIGTCERT.LISTRING` katika daraja la FACILITY. Kuhusu muda wa vyeti kuisha, Health Checker ya z/OS ina ukaguzi uitwao RACF_CERTIFICATE_EXPIRATION. Hakikisha kuna mtu anayeusoma, si kwamba umewashwa tu.

`httpPort="-1"` hufunga poti isiyo na usimbaji. WSGUEST ni mtumiaji wa wasiojitambulisha. Awe na sifa ya RESTRICTED.

Mistari miwili ya updateTrigger ina maana ya pesa. Bila hiyo Liberty huamka kila mara kuangalia kama faili zimebadilika. Kwenye laptopu hilo ni jambo la starehe. Kwenye meinfremu, seva ishirini zilizolala zinazochungulia diski mchana na usiku zinatumia CPU ambayo kampuni inalipia, na pia zinaruhusu mtu abadilishe usanidi wa uzalishaji kwa kuhifadhi faili tu.

Mwisho, poti. Mwombe mtu wa mtandao aihifadhi kwenye PROFILE.TCPIP kwa jina la STC, mfano `9443 TCP BBGZSRV`. Ukiona CWWKO0221E kwenye logi, poti haikupatikana: ama kuna mwingine ameishika, ama imehifadhiwa kwa jina lisilo la kazi yako.

Hatua ya 5: Kuwasha na kuzima

Angel kwanza, seva baadaye:

```
S BBGZANGL
S BBGZSRV,PARMS='malipo'
```

Alama za nukuu zina kazi. Bila hizo konsoli hugeuza jina kuwa herufi kubwa, na UNIX haina seva iitwayo MALIPO. Ukitaka seva kadhaa kutoka PROC moja, tumia `S BBGZSRV,JOBNAME=MALIPO1,PARMS='malipo'`; tangu hapo jina la kuiita ni MALIPO1, hata kwenye hifadhi ya poti.

Ujumbe wa kusubiri ni CWWKF0011I, seva iko tayari. Lakini usishangilie kabla hujasoma mistari iliyoutangulia. CWWKB0122I husema seva imeungana na Angel. CWWKB0103I hutaja kila huduma iliyopatikana, na CWWKB0104I kila iliyokosekana. Hapa ndipo wageni wengi huteleza: seva huwaka vizuri hata Angel isipokuwepo, ikaandika CWWKB0101I na kuendelea, halafu watu wanashindwa kuingia asubuhi. Kwa seva ya uzalishaji weka kwenye bootstrap.properties:

```
com.ibm.ws.zos.core.angelRequired=true
```

Sasa ikikosa Angel haitawaka kabisa, na waendeshaji watajua saa ileile.

Kuzima ni `P BBGZSRV`. CANCEL iache iwe ya mwisho. Ukitaka kuacha kupokea maombi mapya huku seva ikiwa hai, tumia `F BBGZSRV,PAUSE`, kisha `F BBGZSRV,RESUME`. Kabla ya kugusa Angel yenyewe, `F BBGZANGL,DISPLAY,SERVERS` itakuonyesha nani wameishikilia.

Hatua ya 6: Saa za Nairobi

Hii inastahili hatua yake. Saa ya ndani ya mashine huenda kwa UTC, na mfumo huambiwa tofauti ya mahali kwenye CLOCKxx: kwa Kenya, `TIMEZONE E.03.00.00`. SYSLOG, logi ya mfumo mzima, hutumia hiyo. Java ndani ya UNIX haiitumii; inatazama TZ. Ukiwasha seva ukiwa kwenye shell, TZ inatoka /etc/profile na kila kitu kinalingana. Ukiiwasha kama STC, /etc/profile haisomwi, na messages.log inaanza kuandika UTC. Tukio la 02:10 kwenye SYSLOG linakuwa la 23:10 ya jana kwenye logi ya Liberty, na mkutano mzima wa asubuhi unajadili matukio mawili ambayo ni moja.

Weka kwenye server.env:

```
TZ=EAT-3
```

Ndiyo, alama ya kutoa, ingawa tuko mbele ya UTC. Kanuni ya POSIX huhesabu kuelekea magharibi. Ukiandika `EAT+3` utakuwa nyuma kwa saa sita nzima. Ukitaka uhakika zaidi, ongeza `-Duser.timezone=Africa/Nairobi` kwenye jvm.options. Kenya haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo ukiisha kuliweka sawa limekwisha. Na kwenye daftari la kupokezana zamu andika 02:10, si "saa nane na dakika kumi". Mwenzako wa zamu ya mchana akisoma haraka atatafuta kwenye logi za alasiri.

Hatua ya 7: Kumbukumbu

Java ya biti 64 huweka vitu vyake juu ya mpaka wa GB 2, na kikomo huko ni MEMLIMIT, si REGION. PROC ya Liberty ina `REGION=0M`, ambayo pia huondoa kikomo cha MEMLIMIT, isipokuwa ofisi yenu ina IEFUSI, ile programu ndogo ya kuingilia kati inayoweka mipaka ya nyumba. Nyingi zinayo. Ukiona JVMJ9VM015W ikisema imeshindwa kutenga kiasi fulani cha kumbukumbu, usipunguze `-Xmx` kwa kubahatisha. Uliza MEMLIMIT halisi ya STC hiyo ni ngapi.

Swali la ndugu yake: "Mbona inawaka kama STC lakini si nikiwa ssh?" Kwa sababu kwenye shell mipaka inatoka sehemu ya OMVS ya kitambulisho chako na chaguo-msingi za mfumo. Ni mlango mwingine. `D OMVS,L` itakuonyesha mipaka ya jumla ya UNIX na ilivyotumika.

Weka `-Xms` na `-Xmx` kwa kupima, ukitumia `-verbose:gc`. Kumbukumbu halisi ya mashine inagawanywa na Db2, CICS na wengine. Seva ya Java yenye GB 16 za fahari, inayotumia 3, inawafinya majirani.

Hatua ya 8: WLM na zIIP

Hapa ndipo meinfremu inapojitofautisha na kila kitu ulichowahi kuendesha, na hapa ndipo ningekaa na mwanafunzi siku nzima.

Kwenye Linux unaongeza prosesa. Kwenye z/OS unasema unachotaka: maombi ya malipo yajibiwe ndani ya sekunde nusu kwa asilimia 90, ripoti zisubiri. WLM hugawa rasilimali kulingana na malengo hayo, na husahihisha wakati wote. Ukiwasha zosWlm-1.0, kila ombi la HTTP linakuwa kitengo chake chenye daraja la huduma:

```
<wlmClassification>
  <httpClassification transactionClass="MLPHRAKA"
     host="*" port="*" resource="/malipo/**/*"/>
  <httpClassification transactionClass="MLPPOLE"
     host="*" port="*" resource="/ripoti/**/*"/>
</wlmClassification>
```

Lakini majina hayo ni maneno tu mpaka msimamizi wa WLM aandike kanuni zinazoyalingana, chini ya aina ya kazi iitwayo CB. Asipoandika, kazi yako inaangukia SYSOTHER, daraja la chini kabisa: hupata CPU baada ya wote kushiba. Na hutajua! Katikati ya mwezi mashine ina nafasi na kila kitu kinakimbia. Inafika tarehe za mishahara, au wiki ya ada za shule Januari, au siku za mwisho kabla ya 30 Juni watu wanapowasilisha ritani KRA, mashine inajaa, na seva yako inasimama huku takwimu za Java zikionyesha haina tatizo lolote. Kwa hiyo usiwashe zosWlm kabla ya kuthibitisha kanuni zipo. Seva isiyo na kipengele hicho ina afadhali kuliko yenye kipengele kisicho na kanuni.

Kuhusu zIIP: ni prosesa maalum ambazo Java inaruhusiwa kukimbia juu yake, na kazi inayofanyika huko haihesabiwi kwenye gharama za programu zinazolipiwa kwa matumizi ya prosesa za kawaida. Gharama hizo mara nyingi hufuata wastani wa saa nne zinazosonga, ndiyo maana mkuu wa fedha anajua jina la zIIP hata kama hajui Java ni nini. Zikijaa, kazi inaweza kumwagikia kwenye prosesa za kawaida. Ripoti ya Workload Activity ya RMF, kipimo cha utendaji cha z/OS, ina safu ya IIPCP, yaani kazi iliyostahili zIIP lakini ikafanyika kwingine. Itazame kila mwisho wa mwezi. Namba hiyo ikipanda, una hoja ya kununua zIIP yenye tarakimu ndani yake.

Hatua ya 9: Logi, na spuli ya wote

Liberty huweka messages.log ya MB 20 na faili mbili kwa chaguo-msingi. Ni chache, ongeza maxFiles. Zaidi ya hapo, kila kinachoenda konsoli ya Java kinaingia STDOUT, na STDOUT ya STC inaingia spuli ya JES2, ghala la matokeo ya kazi. Spuli ni ya mashine nzima. Programu inayochapisha kila ombi kwa System.out, ikiachwa miezi miwili bila kuzimwa, inaweza kuijaza mpaka JES2 itoe $HASP050 na kazi za usiku za watu wengine zikwame. Watakuita kwa jina.

```
<logging maxFileSize="50" maxFiles="10" consoleLogLevel="ERROR"/>
```

Hiyo hupunguza ujumbe wa Liberty yenyewe kwenye konsoli. System.out ya programu ni mazungumzo na waandishi wake, na uyafanye kabla ya kuipokea.

Kwa kupima nani alitumia nini, washa zosRequestLogging-1.0, huandika rekodi za SMF (kumbukumbu za matumizi za z/OS) 120 aina ndogo ya 11, moja kwa kila ombi. Ni nyingi. Muulize mtu wa SMF kwanza.

Hatua ya 10: Db2

Kuna njia mbili za programu kuifikia Db2, yaani aina mbili za kiunganishi cha JDBC. Aina ya 4 hupita TCP/IP hata kama Db2 iko mashine ileile. Aina ya 2 hupita ndani kwa ndani, haraka, na huleta miamala ya RRS, mratibu wa miamala wa z/OS. Watu husema aina ya 2 ni bora daima, sikubali. Kazi ya SQL inayokuja kwa aina ya 4 hupitia DDF ya Db2 (lango lake la mtandao), ambayo sehemu yake kubwa huruhusiwa kukimbia kwenye zIIP, na programu inabaki ile uliyoijaribu kwenye laptopu. Anza na 4. Hamia 2 ukiwa na kipimo kinachokulazimisha.

Hatua ya 11: Mambo yakiharibika

Fuata mpangilio huu, hata kama moyo unakuvuta kwenye Java. SYSLOG kwanza: tafuta ICH408I, ujumbe wa RACF kukataa, wenye jina la mtumiaji, kitu na ruhusa iliyotakiwa. Kisha STDOUT na STDERR ya STC kwenye SDSF, skrini ya kutazama kazi. Kisha messages.log, na mwisho saraka ya ffdc, yenye maelezo ya hitilafu.

Kuna mtego: RACF ikikataa seva kutumia huduma za Angel, ICH408I haitokei, maana Angel hukagua kimya. Iwashe Angel kwa `S BBGZANGL,SAFLOG=Y` unapochunguza ruhusa, na makosa yataandikwa.

Seva ikikwama, chukua picha za nyuzi kabla ya mtu yeyote kuizima: `server javadump malipo`, mara tatu, kwa kupumzika kidogo katikati. Picha moja haionyeshi kinachosonga na kisichosonga.

Dampu za kumbukumbu ni kesi nyingine. Mtengenezaji wa programu akiomba dampu nzima ili aisaidie timu yako, kumbuka ndani yake kuna majina, namba za vitambulisho na salio za watu, wazi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaweka masharti ya kuhamisha data binafsi nje ya nchi, na dampu inayopakiwa kwenye seva ya ng'ambo ni uhamisho huo. Kuwe na kibali cha afisa wa kulinda data wa kampuni kabla ya saa ya dharura, si wakati huo. Javadump, ambayo huonyesha nyuzi badala ya data, mara nyingi inatosha, ingawa nayo ina thamani za mazingira, ipitie kwanza.

Hatua ya 12: Matoleo mapya, na mahali pa kufanyia mazoezi

Liberty hutoa toleo karibu kila wiki nne. Usisakinishe juu ya lililopo. Weka kila toleo kwenye zFS yake, na kiungo kiitwacho `current` kielekee linalotumika. Kurudi nyuma kunakuwa kubadilisha kiungo na kuwasha upya. Angel isiwe ya toleo la zamani kuliko seva yoyote inayoihudumia, kwa hiyo ndiyo hupandishwa kwanza. Usanidi ukae kwenye Git. Git ya z/OS inaelewa `zos-working-tree-encoding` ndani ya .gitattributes, na hilo peke yake litakuepusha na nusu ya mateso ya hatua ya 3.

Mazoezi ya z/OS yenyewe yanapatikana bure mtandaoni kupitia IBM Z Xplore; unachohitaji ni kivinjari, na VS Code ukifika mbele kidogo. Kwa upande wa Java, Open Liberty kwenye laptopu inasoma server.xml ileile. Vipengele vyote vinavyoanza na "zos" viweke kwenye faili ya pembeni, iitwe zos.xml, isiyopelekwa kwenye laptopu, kisha kwenye server.xml uandike:

```
<include location="zos.xml" optional="true"/>
```